Habari za Kahawa Katika Nchi ya Nyeri, na Jinsi Ilivyopata Sifa Yake



Katika kurasa zilizotangulia mmekwisha kusoma hesabu ya mweka hazina, pamoja na taarifa ya misaada ya karo na ya mazishi. Kamati iliona yafaa kijitabu hiki kisiwe cha tarakimu tu, bali kiwe pia na ukumbusho wa mambo yaliyopita. Neno tulilochagua ni kahawa. Sababu yake wanachama waijua: hakuna mkutano unaokwisha bila mtu mmoja kuuliza kama mti huu wastahili kuendelea kushika shamba, au kama ni heri kuung'oa, mahali pake pakapandwa maparachichi au pakakatwa viwanja vya nyumba. Sisi hatuandiki ili kumwamuru mtu juu ya shamba lake. Twaandika ili anayeshika jembe ajue ni kitu gani anachotaka kuking'oa.

Mti wa jirani uliozunguka bahari

Kahawa ya aina yetu, iitwayo arabika, asili yake ni misitu ya milimani kusini-magharibi mwa Ethiopia. Kutoka huko ilivuka Bahari ya Shamu hadi Yemeni, na katika karne ya 15 watu wa huko walikuwa wakiinywa. Bandari yao ya Mocha iliiuza duniani kwa muda mrefu. Katika karne ya 18 Wafaransa waliipeleka miche kutoka Yemeni mpaka kisiwa chao katika Bahari ya Hindi, kilichoitwa Bourbon zamani hizo na ambacho leo huitwa Réunion.

Hapo ndipo habari inapoigusa Kenya. Mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu waliipanda kahawa Bura, katika nchi ya Wataita, mwaka 1893. Na kabla ya karne ile kwisha walikwisha kuipanda katika misheni yao ya St. Austin's karibu na Nairobi. Ethiopia yapakana nasi kwa upande wa kaskazini, lakini mti wake ulitufikia kwa njia ya bahari, umebebwa na wageni. Huku Nyeri mapadre Wataliano wa Consolata, waliofika katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, walikuwa na shamba lao la kahawa Mathari. Wazee wengi wa siku zile waliuona mti huu kwa mara ya kwanza penye uwanja wa misheni.

Mweiga, mpakani mwa nchi mbili

Asimamaye Mweiga yuko mpakani. Magharibi yake ni safu ya Nyandarua. Mashariki, ng'ambo ya uwanda, ni Kirinyaga. Kusini kuna matuta ya Tetu, yenye udongo mwekundu wenye kina na mvua za kutegemewa. Kaskazini nchi hutanda na kukauka kuelekea Laikipia. Serikali ya kikoloni nayo iliweka mpaka wake huku huku. Matuta ya kusini yalikuwa sehemu ya wenyeji, yaani rizavu. Uwanda wa Mweiga na nchi iliyo mbele yake iliwekwa kando kwa ajili ya masetla. Baada ya vita ya 1914–1918 idadi yao iliongezeka, kwa kuwa serikali iliwagawia mashamba askari wa Kizungu waliorudi vitani, na baadhi ya mashamba hayo yalikuwa pande hizi za Nyeri na Nanyuki.

Palipokuwa na maji ya mito ishukayo Nyandarua, masetla wa Mweiga walipanda kahawa. Watu wetu walipanda kutoka Tetu na Mathira kwenda kuifanyia kazi. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikupatikana ila kwa kazi ya mshahara. Tangu mwaka 1919 na 1920 kila mwanamume mzima alichukua kipande, na wengi walikitundika shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Wanaume walilima na kupogoa. Wanawake na watoto walichuma, wakalipwa kwa debe. Hivyo babu zetu walijifunza kahawa kazi moja baada ya nyingine: kuchimba shimo na kuchanganya samadi, kukata matawi yaliyozaa, kulitambua tunda lililoiva kwa kulitazama tu. Walijua kila kitu cha kahawa isipokuwa kuwa nayo.

Katazo na sababu zake

Kwa miaka mingi Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kuipanda kahawa ya arabika katika shamba lake. Kahawa ilipandwa kwa leseni, na leseni hakupewa. Masetla walitoa sababu tatu. Kwanza, walisema kwamba mashamba madogo yasiyotunzwa yangeeneza magonjwa na wadudu. Pili, kwamba Mwafrika mwenye mti wake angepata mahali pa kuficha kahawa aliyoiba shambani mwa bwana wake. Tatu, na hii ndiyo twataka ikumbukwe, kwamba kahawa ya mkono wa Mwafrika ingekuwa mbaya, ikaliharibu jina la kahawa ya Kenya katika masoko ya Ulaya.

Kulikuwa na sababu ya nne ambayo haikutajwa sana hadharani, lakini wazee waliijua vema: mtu mwenye miti yake mwenyewe haendi kuchuma ya mwingine kwa mshahara mdogo.

Mwenye kutaka kuzipima sababu hizi alihitaji tu kutazama nchi ya jirani. Katika Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wakilima arabika hiyo hiyo juu ya mlima unaofanana na wetu. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Mapema katika miaka ya 1930 chama hicho kikafuatwa na ushirika mkubwa wa KNCU. Magonjwa hayakuimaliza kahawa ya Kilimanjaro, wala wanunuzi hawakuikimbia. Basi wazee wetu hawakunyamaza. Mwaka 1925 Kikuyu Central Association iliomba kwa gavana, miongoni mwa mambo mengine, kwamba Waafrika waruhusiwe kupanda kahawa. Ombi halikukubaliwa.

Katika miaka ya 1933 na 1934 serikali ilikubali kufanya majaribio, lakini mbali na mashamba ya masetla: Kisii, Meru na Embu, tena kwa miti michache na chini ya uangalizi mkali. Nyeri, Murang'a na Kiambu, ambako watu waliifahamu kazi ya kahawa kuliko wote, ziliachwa nje mpaka mwanzo wa miaka ya 1950.

Ruhusa iliyokuja na machozi

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwaka 1954, watu wakiwa wameingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, ulitolewa mpango wa kilimo wa Bwana Roger Swynnerton. Bwana huyu alikuwa amefanya kazi Kilimanjaro kabla ya kuja Kenya, na kahawa ya Wachaga alikuwa ameiona kwa macho yake. Mpango wake ulikuwa na maneno mawili makubwa: vipande vya ardhi vikusanywe viwe shamba moja lenye hati, na Mwafrika aruhusiwe kulima mazao ya kuleta fedha, na kahawa iwe miongoni mwao.

Jambo hili lataka kusemwa kwa uangalifu, maana wenye kulikumbuka bado wako pamoja nasi. Lile lililoombwa mwaka 1925 kwa karatasi na kalamu lilitolewa wakati wa bunduki, na halikutolewa kwa wote sawasawa. Waliohesabiwa kuwa waaminifu kwa serikali walitangulizwa. Mipaka ya mashamba ilipimwa wakati maelfu ya watu walikuwa katika kambi za Manyani, Mwea na nyinginezo. Wapo waliorudi nyumbani wakakuta mawe ya mpaka yamekwisha kusimikwa, na sehemu yao imekuwa ndogo au haipo. Mibuni ya kwanza ya matuta yetu ilipandwa katika miaka hiyo hiyo, na wengine waliipanda kwa furaha, na wengine waliitazama wakiwa ng'ambo ya ua. Hatuyaandiki haya ili kufukua ugomvi. Twayaandika kwa sababu mtoto anayeambiwa kwamba kahawa ni urithi hana budi kuambiwa pia urithi huo uligawanywa vipi.

Mwaka 1959 Harry Thuku, yule yule aliyekamatwa mwaka 1922 kwa kuipinga kodi na kipande, aliingia katika halmashauri ya umoja wa wakulima wa kahawa, KPCU, akawa Mwafrika wa kwanza kuketi humo. Katika uzee wake alikuwa mkulima hodari wa kahawa katika Kiambu. Mtu mmoja aliishi akaona mwanzo wa jambo na mwisho wake.

Ladha inatoka wapi

Sasa tuje kwenye sifa yenyewe. Wanunuzi wa nchi za mbali huitaja kahawa ya Nyeri kwa jina, nao hulipa zaidi kwa ajili ya jina hilo. Husema ina uchachu mwangavu, utamu nyuma yake, uzito kinywani, na harufu ya tunda jeusi dogo la Ulaya ambalo sisi hatunalo. Kwa matunda tunayoyajua twaweza kuifananisha na forosadi au zambarau iliyoiva. Je, ladha hii ilitoka wapi? Twaona ilitoka katika mambo matatu.

Jambo la kwanza ni mbegu. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa maabara ya Scott, Kabete, walichagua miti bora mmoja mmoja na kuipa namba. Mti wa SL28 ulichaguliwa mwaka 1935 kutokana na kahawa iliyotoka Tanganyika, iliyosifiwa kwa kuvumilia ukame. SL34 ulitokana na mti mmoja wa shamba la Loresho, Kabete. Aina hizi mbili ndizo zilizoenea katika mashamba yetu. Zina ladha ya ajabu, lakini ni dhaifu: ugonjwa wa kuoza matunda, uliotambuliwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, huzishambulia vikali, na kutu ya majani pia.

Jambo la pili ni nchi. Kahawa yetu hukua juu ya udongo mwekundu uliotokana na volkano, katika kimo cha mita 1,600 na zaidi. Usiku huwa na baridi, tunda halina haraka ya kuiva, na punje hupata nafasi ya kuwa ngumu na nzito. Mvua huja mara mbili, nasi huvuna mara mbili: mavuno makubwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na madogo kuanzia Aprili hadi Julai.

Jambo la tatu ni mikono, na hapa twaomba msomaji akae nasi kidogo.

Tunda jekundu huchumwa asubuhi, hupelekwa kiwandani siku hiyo hiyo. Kabla ya kupimwa humwagwa juu ya turubai, na mwenye kahawa huketi akachagua: mabichi kando, yaliyokauka kando, majani kando. Karani wa mizani huandika kilo katika kitabu cha mkulima. Jioni mashine humenya ganda la nje, na punje zenye utelezi hulala katika matangi zichachuke usiku mzima, na zaidi ikiwa ni baridi. Kisha huoshwa katika mifereji ya saruji; watu husukuma kwa mbao, punje nzito huzama na nyepesi huelea, zikatengwa hapo hapo. Viwanda vingi huziloweka tena katika maji safi ya mto. Ndipo hutandazwa juu ya vitanda virefu vya waya, huko hukaa kama majuma mawili. Wanawake huzigeuza kila wakati, huokota mbaya, huzifunika jua likiwa kali, na mvua ikitisha hukimbia kuzifunika tena. Zikikauka sawasawa hupelekwa kukobolewa, zikachekechwa kwa ukubwa: AA, AB, na ile ya punje moja ya mviringo iitwayo PB. Kilo 6 au 7 za matunda huzaa kilo moja tu ya kahawa safi. Mwishowe huonjwa kwa kijiko na kuuzwa katika mnada wa Nairobi, ulioanza mwaka 1935.

Hakuna hata kazi moja katika hizo isiyoweza kuiharibu kahawa yote. Tunda bichi moja katika mkono uliojaa, maji machafu, saa chache za kuchelewa, turubai lililosahauliwa: muonjaji atayaona yote kikombeni. Tena mkulima mmoja hawezi kujiokoa peke yake, kwa sababu kahawa yake imelala tangi moja na ya jirani zake mia kadhaa. Wazee husema kwa Kikuyu, Kamuingi koyaga ndiri: kundi dogo la watu huinua kinu. Ladha ya Nyeri ni kinu kilichoinuliwa na watu wengi.

Basi turudi kwenye ile sababu ya tatu ya katazo. Walisema mkono wa Mwafrika ungeliharibu jina. Leo kahawa za Kenya zinazotafutwa na wanunuzi wenye kuchagua sana, nyingi hutoka katika viwanda vya ushirika vya wakulima wadogo, wa Othaya, wa Mathira, wa Tetu, na wa jirani zetu wa Kirinyaga. Zaidi ya nusu ya kahawa ya nchi hutoka kwa wakulima hao. Jibu la ombi la mwaka 1925 limo ndani ya kikombe.

Miaka ya neema na miaka ya dhiki

Neema ilifika Julai 1975, wakati baridi kali ilipoiunguza mibuni ya Brazili. Bei ilipaa, na mwaka 1976 na 1977 fedha iliingia vijijini kama haijapata kuingia. Nyumba za mawe na mabati zilizotapakaa juu ya matuta, na watoto waliofika shule za upili na vyuo, ni kumbukumbu ya miaka ile.

Dhiki ilikuja Julai 1989. Mapatano ya kimataifa ya kahawa, ambayo tangu miaka ya 1960 yaliipa kila nchi sehemu yake ya soko, yalivunjika, na bei ikaanguka karibu nusu kwa muda mfupi. Kenya, iliyokuwa imevuna kama tani 130,000 mwaka 1987/88, ilishuka katika miaka iliyofuata hata chini ya nusu ya hizo. Malipo yalichelewa. Madeni ya mbolea na dawa yalikula kilichobaki. Katika miaka ya mwisho ya 1990 vyama vikubwa vya ushirika vya wilaya hii vilipasuka kwa ugomvi, na majirani wakapigana kwa sababu ya viwanda walivyovijenga pamoja. Sheria ilikataza kung'oa mibuni. Watu wakaiacha iote magugu, wakapanda mahindi katikati yake.

Sisi tunaoandika tulizaliwa katika kivuli cha miaka hiyo. Hatukuiona neema ya 1976, tulisimuliwa. Tulichokiona ni mama akirudi kiwandani na karatasi ya malipo, akiikunja bila kuisoma mara ya pili. Msemo usemao mchumia juani hulia kivulini tulifundishwa shuleni, lakini nyumbani tuliona mchuma kahawa akila pale pale juani. Kwa hiyo kijana anayetaka kung'oa hatumwiti mjinga wala mvivu. Anayo hoja, na hoja yake ni njaa.

Hata hivyo mambo kadhaa yamebadilika. Ruiru ilitoa mbegu zinazostahimili magonjwa: Ruiru 11 mwaka 1985, na Batian mwaka 2010, iliyopewa jina la kilele cha Kirinyaga. Mnunuzi wa nje aliruhusiwa tangu mwaka 2006 kununua bila kupitia mnada, na kiwanda chenye kahawa safi kikapata mtu wa kuitambua kwa jina lake. Mpango wa mwaka 2023 ulikusudia malipo yamfikie mkulima moja kwa moja baada ya mauzo, yasipitie mikono mingi. Kila mkulima atayapima haya kwa karatasi yake ya malipo.

Neno la mwisho

Twawaomba wanachama mambo matatu, wala hakuna lililo zito.

La kwanza: mzee aliyefanya kazi katika mashamba ya Mweiga, au aliyepanda mche wa kwanza katika kijiji chake, aketi na mjukuu amsimulie, na mjukuu aandike. Watu hao wanapungua.

La pili: kabla ya kung'oa, mkulima na aende siku moja kiwandani kwake asome hesabu: kilo ngapi zilipokelewa, bei gani ilipatikana, nini kilikatwa na kwa nini. Ushirika unaosomwa na wenyewe ni vigumu kuibiwa. Akiisha kusoma, akiona lazima ang'oe, atang'oa akiwa na macho mawili.

La tatu laonekana dogo. Wengi wetu tumeilima kahawa maisha yetu yote, nasi hunywa chai. Kahawa bora huenda ng'ambo, na tunayoipata dukani ni unga usio na habari zake. Kamati imekubaliana kwamba katika mkutano mkuu ujao itakaangwa kahawa kidogo iliyonunuliwa kutoka kiwanda cha jirani, isagwe hapo hapo, na wazee wapewe kikombe cha kwanza. Wao ndio waliokatazwa mti huu, kisha wakauosha, wakaukausha, na kuusomeshea watoto. Si haki kwamba muonjaji wa Nairobi na mnywaji wa Ulaya waijue ladha yake, na mkono ulioifanya usiijue.

Wakati huo tutajua vizuri zaidi ni kitu gani tunachobishania.